Gari Limevaa Njuga

Mlio ulianza Agosti, nikishuka mlima wa Amerat,
mguu nimeuinua kwenye mafuta:
chakara chakara chakara,
kama njugu mawe ndani ya kopo la maziwa.
Nikikanyaga, kimya.
Nikiachia, chakara.
Nikafanya afanyavyo kila mwenye deni:
nikaongeza sauti ya redio.

Gari lenyewe dogo, kiatu cha mtoto wa shule,
silinda tatu,
na tabo imebandikwa ubavuni ili lijione kubwa.
Jirani yangu Bi Ghania akauliza toka dirishani,
"Limevaa njuga hilo, linakwenda ngoma ya nani?"

Fundi wa kwanza, Wadi Kabir, ofisi ina kiyoyozi.
Hakufungua hata boneti.
"Tabo imekufa. Riali mia tatu na ishirini,
na ufundi mbali."
Mimi mshona kanzu.
Riali mia tatu na ishirini
ni vishada vingapi vya shingoni,
na macho haya yatavimaliza?

Uchochoro wa nyuma, basi, kwa Zahran bin Humaid,
mzaliwa wa Bujumbura, Kiswahili chake bado kina vilima.
"Hii kitu tuisikie kwanza," akasema, "ndiyo tuizike."
Akanyoosha mkono, akazima redio yangu.

Alitaka gari lilale kwake.
"Likishapata moto linasema kama mkwe mbele ya wakwe.
Baridi ndiyo ukweli wake."
Baada ya alfajiri shemeji akanishusha pale,
lami ingali inatema joto la jana.
Akaliwasha. Likalia lote, bila haya.

Akagonga ngao ya bati inayokinga joto: imekaza.
Akachomoa bomba la hewa, akaingiza vidole viwili,
akaitikisa shafti ya feni huku na huku
kama anayepima jino la mtoto.
"Halichezi." Akanusa vidole.
Hakuna oili. Hakuna moshi wa buluu.
"Huyu hajafa. Nani amekwambia amekufa?"

Kisha bisibisi ndefu,
ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho kafumba,
akaihamisha hatua kwa hatua
mpaka kwenye kimkono
kinachofungua na kufunga kijilango cha moshi.
Akakibana.
Kimya.
Akaachia. Chakara.
Akabana. Kimya.
"Njoo. Bana wewe."

Nikabana, nikaisikia kupitia mpini:
pini imekula tundu lake,
nafasi ya unene wa ukucha, basi,
na kijilango kizima kinapiga fremu.
Naijua nafasi hiyo.
Ndiyo ya bobini ikilegea,
cherehani ikaanza kunung'unika usiku
na mwenyewe akaambiwa mashine imezeeka, nunua nyingine.
Nikatoa springi ya cherehani mfukoni, nikampa.
Zahran alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.
"Hiyo, fundi mwenzangu, itaiva kabla ya chai."

Akapekua kopo lake, akatoa klipu ya chuma cha moto,
nyembamba kama pete ya kitoto,
akaipachika baina ya mkono na pini.
Unyayo wake ukakanyaga mafuta, ukaachia, ukakanyaga, ukaachia.
Hakusema neno. Alinitazama tu
kama mtu aliyemaliza kesi bila kumtukana mtu.
"Tundu litazidi kulika, sikudanganyi.
Mwaka. Labda miwili.
Ukiisikia tena usiongeze redio."
Riali tano, na mbili kati ya hizo nilimlazimisha.

Nilirudi kwa njia ileile.
Kileleni, Amerat yote imelala chini na paa zake nyeupe,
nikainua mguu,
nikangoja.

Upepo kwenye kioo. Tairi.
Halafu kitu kingine, kidogo, nyuma, upande wa kushoto,
ti, ti, ti,
ambacho njuga zilikuwa zimekifunika
siku zote hizi.