Saa Tatu ya Anzuruni

Mwisho wa kutuma ni saa sita usiku, popote duniani.
Ndivyo walivyoandika, popote duniani,
maana yake usiku hauishi mpaka uishe
kwenye kisiwa cha mwisho kabisa, kisicho na mtu,
na mimi hapa Dundee, Februari,
barafu imeshika dirishani kama ukoko,
ninayo mpaka saa sita mchana.
Sita kwa sita. Nikacheka peke yangu.
Morven akainua kichwa: Kuna nini?
Huo, nikamwambia, ndio muhtasari wangu.

Maneno mia tatu, yasizidi.
Sentensi ya kwanza niliifuta mara tisa.
Fomu inauliza, mada inamfaa nani,
anayeanza au aliyebobea?
Nikatia alama kwa anayeanza,
maana mwenyewe nilianza upya Novemba
nilipofungua madaftari ya Kilosa,
picha mia nane za karatasi zilizoliwa na unyevu,
na mwandiko wa Anzuruni Mkwidu, karani wa kipimamvua,
wino wa buluu, herufi zimesimama foleni:
Saa 3 asubuhi, milimita 12.
Saa 9 mchana, mvua kubwa imeanza.

Na programu yetu, inayotumiwa na vyuo vinne,
yenye majaribio elfu mbili, yote kijani,
ikaona tatu ikaandika tatu,
usiku mbichi, jogoo hajajigeuza.
Ikaona tisa ikaandika tisa,
mvua ya mchana ikahamia asubuhi,
na mto kwenye grafu ukawa mvivu,
unasubiri saa sita nzima ndipo ujae.
Hakuna aliyeshtuka. Mstari ulikuwa laini.
Tulibakiza kidogo tuuchapishe.

Saa sita ambazo hazipo!
Ungemwambia mtu unao muda,
hamisha mbuzi, godoro, vyeti vya watoto,
naye maji yako kizingitini.

Wahakiki walikuwa watatu.
Wa kwanza: safi.
Wa pili: je, tatizo hili si la kieneo mno?
Wa tatu, kwa upole wa daktari wa meno:
fafanua kwa nini siku yenu haianzi usiku wa manane.
Nikaandika kurasa mbili, nikazifuta,
nikabakiza, Kwa sababu tumelala.
(Huku wenyewe husogeza saa mbele kila Machi,
hakuna mhakiki anayewauliza.)
Wakakubali. Dakika kumi na mbili, tatu za maswali.

Sasa ni Mei. Jikoni kwa Morven
nahutubia friji na paka mmoja.
Ameshika saa ya kuchemshia mayai;
inalia niko slaidi ya tisa kati ya ishirini na sita.
Toa ramani, anasema. Toa mlinganyo.
Usithubutu kuendesha programu mbele ya watu,
mtandao wa ukumbini utakuaibisha.
Huyu mtu wa wino mwache. Mkuze, ajaze ukuta.

Basi lazima niombe ruhusa.
Kwangu saa kumi na moja, jua bado liko juu ya mto Tay;
kwake saa moja, nasikia sufuria zikioshwa.
Namweleza. Ananyamaza, kisha:
Kwa hiyo mashine ilidhani
naamka saa tisa usiku kupima mvua?
Anacheka mpaka anakohoa.
Andikeni jina langu na K, W, I. Watu huikosea.

Halafu, kama mtu aliyekumbuka mlango hajaufunga:
Ila kuna wiki moja alikuja mkaguzi kutoka nje,
akalala kituoni. Kwa adabu
nikaandika saa za kwake.
Hiyo usiigeuze.
Wiki gani, Bwana Mkwidu? Mwaka gani?
Aa. Ilikuwa na mvua.

Nimebaki na slaidi kumi.
Ya mwisho haina picha, ina swali lake tu,
na Morven anataka kujua
hiyo nayo nitaisema kwa dakika ngapi.