Kuchimba Dawa

Dukani kwa Mchopa, Masasi, nyuma ya stendi,
vyoo vitatu vimepangwa juu ya mifuko ya salfa.
Cha kwanza ni ndoo tu iliyovikwa kiti;
kifuniko chake kinacheza kama jino la mtoto.
Cha pili kinakunjwa, miguu ya bati,
mfuko unaning'inia chini.
Cha tatu sanduku: tangi la lita ishirini,
pampu, na dawa ya buluu inayonukia wodi.

Mimi napiga hesabu ya keria,
hema, madumu ya dizeli,
siku tano hadi Liwale na kurudi;
nani atakimwaga, na shimo liende chini kiasi gani.
"Zamani," anasema Mchopa, "ilikuwa jembe na aibu."

Mama hatusikilizi. Amevua kandambili.
Goti lake, tangu lipasuliwe Ndanda,
kuchuchumaa limekataa.
Anakijaribu cha kukunja. Kinalia.
"Hiki kitaniangusha mbele ya fisi."
Anahamia kwenye sanduku,
anateremsha kanga hadi vifundoni,
anatazama bodaboda zinavyopita
kama mtu aliyeagiza chai.

Miaka yote ile ya mabasi,
konda akigonga bati, "Kuchimba dawa, dakika tano!"
watu wakitawanyika vichakani,
yeye alibaki kitini, pochi mapajani,
akisema hana haja.
Nami nilimwamini.

"Kizito hiki, mama. Keria imejaa."
"Basi shusha hema,"
anasema Somoe binti Nandonde, bila kuinuka.
"Mimi nitalala garini."

Mchopa anatafuta kamba.