Sahani Hairudi Tupu

Ijumaa Kuu kampuni ya simu ilinitakia heri
kabla sijanawa uso:
Pasaka njema, mteja wetu. Ongeza salio, fufua kifurushi chako.
Nikacheka peke yangu.
Kufufua, neno zito lile,
siku hizi limepata kazi ya mkataba.

Duka la magodoro pale Mwembechai limefunga maputo:
nunua la inchi nane, mto ni bure.
Baa ya jirani imebandika bango, bonanza siku nne,
kitimoto, bendi, mtangazaji wa redioni.
Kazini tumegawana likizo kama mafungu ya dagaa.
Mimi langu nililipangia usingizi.

Sikumkana Mungu. Nisijikweze.
Kumkana ni kazi: kunataka jogoo, moto wa kuota,
na mtu wa kukuuliza.
Mimi hakuna aliyeniuliza.
Nilikosa misa moja, nikakosa ya pili,
nikawa kama mpangaji aliyehama usiku
bila kuaga, akaacha ndoo.

Mama ndiye aliyekuwa na Pasaka.
Aliianza Alhamisi, ungo mapajani, akichagua mchele,
vijiwe akivitoa kimoja kimoja
na kuvipanga dirishani, sijui kwa nini, sikumuuliza.
Jumapili alirudi sauti imemkauka kwa kwaya,
akaingia jikoni na viatu vyake vya kanisani,
na sahani ya kwanza, kabla yangu mimi mwanawe,
ilivuka uchochoro kwenda kwa Bi Zamoyoni.
Idi ikifika, sahani ikarudi, imejaa.
Miaka ishirini na mitatu, sahani ileile ya bati,
maua ya bluu, ukingo umemeguka kama ukucha.

Tulimzika Novemba.
Sufuria nikazifunika kanga. Stoo nikaifunga.
Masika yakaja yakauvimbisha mlango wa mbele,
haufunguki ila kwa bega,
na mimi sikuwa na haraka ya kuufungua.

Jumapili, kungali giza, umeme umekatika tangu saa sita,
adhana ya alfajiri ndiyo kwanza imekwisha,
nikasikia bega la mtu mlangoni.
Bega la nje.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Mbao ikalia, ikaachia.

Bi Zamoyoni, mtandio umelowa,
tochi ya simu imebanwa kwapani ikimulika ukuta,
sahani mikononi, na juu yake vifurushi vya gazeti:
iliki, karafuu, mdalasini, binzari nyembamba,
pilipili manga haijatwangwa.

"Hii imelala kwangu mwaka mzima," akasema.
"Idi ya Kuchinja mama yako alikuwa wodini,
nikasema apone kwanza.
Kisha nikaona haya. Sahani hairudi tupu,
na wa kuipokea..."

"Hayupo," nikasema.

"Najua hayupo. Kwani nimekuja kumtafuta yeye?
Nimefuata pilau langu."

Nikamwambia sijui kupika.
Akanitazama kama mtoto aliyevaa viatu kinyume.
"Mchele unao?"

Miaka mingapi sijaulizwa swali nikatetemeka!
Nikafungua stoo. Mchele ulikuwepo,
debe nusu, aliouacha yeye,
na pale dirishani vijiwe vyake, vumbi juu,
vimejipanga kama watu wanaongoja kuitwa.

Sitasema niliona mwanga. Taa ilikuwa ya simu,
nayo chaji ilibaki asilimia tisa.
Nitasema tu kwamba mkono wangu uliingia mcheleni
hadi kwenye kiwiko, na kulikuwa na ubaridi,
na nilikaa hivyo kidogo
mpaka Bi Zamoyoni akaguna kwamba kitunguu kinaungua.

Mlango tukauacha wazi, ulikuwa hauwezi kufungika tena.
Kulikucha. Moshi wa karafuu ukatoka uchochoroni bila ruhusa.
Kule baa walikuwa wanajaribu spika:
moja, mbili. Moja, mbili.
Ya tatu hawakuisema.
Sufuria ikaanza kuchemka.