Tia Tiki Panapohusika

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Sisi hapa Leicester siku ya tatu tulipewa fomu.
Leicester: mji wenye herufi nyingi
kuliko pumzi ya kuutamka.

Fomu imekaa mezani kwa Shirinbanu,
kati ya bakuli la visheti
na miwani aliyoifunga mkono kwa uzi.
Mvua ya Machi inakuna dirisha.
"Nisomee, mwanangu, macho yangu yamestaafu kabla yangu."
Namsomea. Sensa. Swali la kabila.
Visanduku vimepangwa kama masanduku ya posta,
kila kimoja kinywa wazi.

Yangu niliijaza jana kwa dakika moja.
Mweusi, Mwafrika. Kalamu haikusita.
Ubondei haukuulizwa, Muheza haikuulizwa,
na kesi ya babu na jirani yake Mdigo
juu ya mnazi mmoja ulioinama,
kesi iliyokula ng'ombe wawili,
haikupata hata nukta.

"Mwasia. Mhindi," nasoma.
"India sijafika. Nimezaliwa Wete,
nimetobolewa masikio Wete,
Wete nimeumwa na nyuki."
"Mweusi. Mwafrika."
Anautazama mkono wake, halafu wangu,
yote miwili ina sukari ya visheti,
anacheka mpaka anakohoa.
"Huko watasema nimeiba."

Nisiseme uongo.
Kule kwetu, na kwetu zilikuwa mbili,
baba yake angekaa nyuma ya kaunta
na shangazi yangu angesimama mbele,
katikati mizani, na daftari la deni,
na lile jina ambalo kila mmoja
humwita mwenzake mlango ukishafungwa.
Tungejuana kwa bei.
Anajua. Najua.
Mwaka wa kumi na nne huu, hatujaligusa.

Tulikutana kituo cha basi, Januari.
Niliteleza kwenye barafu, chali,
nikalia, "Mama yangu wee!"
na nyuma yangu sauti ya Kipemba:
"Pole, umeumia?"
Nikageuka kumtafuta mwenye sauti.
Nikatafuta mtu mweusi.
Macho yangu yalimpita mara mbili
yule bibi wa sari ya bluu na koti la kiume
aliyeninyooshea mkono.

Tangu siku ile tunagombana vizuri.
Yeye anasema pilau yangu haina adabu,
mimi nasema chai yake ni uji.
Dereva wa basi letu, mtu wa hapa hapa,
humwita kila apandaye "bata wangu",
ndivyo wasemavyo wazawa wa mji huu:
mzee wa Kipolandi, bata wangu,
Singasinga na kilemba chake, bata wangu,
mimi na mafurushi yangu, bata wangu, shikilia.
"Tazama vizuri," Shirinbanu ananihimiza,
"hakuna kisanduku cha bata?"

Hakuna. Kipo cha mwisho, cha masalio:
Nyinginezo, andika hapa.
"Andika Mswahili."
"Bibi, kule Mswahili ni mtu wa maneno mengi."
"Basi wamempata."
Naandika. Herufi nane.
Najiona nikiibana kalamu,
kama mtoto anayeandika ukutani
huku akisikiliza hatua za mwenye nyumba.
Na yangu je, iliyokwisha fungwa kwenye bahasha?

Mlango unasukumwa. Hoza, mwanangu, mzaliwa wa hapa,
ameloa, skafu ya timu imemzonga shingo kama kitanzi.
Fomu haioni. Visheti anaviona.
Anajitupa kwenye kiti:
"Sisi bure kabisa. Tumefungwa tatu bila."

Na Shirinbanu, asiyejua mpira una pembe ngapi,
anasukuma bakuli upande wake,
uso umemkunjamana kwa uchungu wa kweli:

"Tumefungwa na nani?"