Chupa ya Nusu Lita

Sheria niliibandika mwenyewe ukutani
kwa uji wa muhogo, maana gundi ya ofisi ilikwisha:
kimiminika kisizidi mililita mia.
Chini yake pipa la bluu, na ndani ya pipa, tangu alfajiri:
asali ya Handeni, mafuta ya nazi, maji ya ndimu,
manukato ya bwana mmoja aliyeapa kunishitaki
mpaka Dodoma.
Joto likizidi, pipa lile hunukia
kama harusi iliyovunjika.

Ndege ya Pemba ina viti kumi na viwili.
Abiria wa saba ni Bi Mwanatumu wa Duga,
baibui limepauka mabegani,
kapu la ukili, na ndani ya kapu,
ikiwa imeviringishwa kanga mbili kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini,
chupa ya nusu lita,
maji ya manjano.

"Nini hiki, mama?"
"Kombe."

Nilitaka kucheka. Kombe, kupeleka Pemba?
Si huko watu wanakovuka kwenda kulitafuta?
Akanisoma usoni.
"Mwalimu wangu yuko Barabara ya Kumi na Tano.
Ameandika sahani saba kwa zafarani.
Mgonjwa ni mdogo wangu, Wete. Jina lake limo humu."

Mwongozo una kurasa sitini na mbili.
Maziwa ya mtoto yamo, insulini imo,
dawa ya kikohozi yenye cheti cha daktari imo.
Sahani haimo.
Ukurasa wa arobaini unasema: ukitia shaka,
mwombe abiria aonje.

"Onja kidogo, mama."
"Sionji."
"Funda moja tu."
"Mwanangu, haya yana mwenyewe.
Ningekuwa naumwa mimi, ningeyamaliza mbele yako
na chupa nikakuachia."

Kukataa kuonja ni dalili. Ndivyo tulivyofundishwa
wiki tatu, Dar es Salaam, chumba cha kiyoyozi,
na mkufunzi aliyetuonyesha picha ya chupa kama hii
kisha picha za baada yake.
Zile za baada yake bado huniamsha.
Sitaki zipigwe hapa kwetu,
hapa ambapo hatari kubwa tuliyowahi kuandika ripoti
ni mbuzi wa jirani, na Shekilindi
huwafukuza kwa filimbi.

Basi nikavaa glavu.
Nikafungua kizibo polepole, kama mtu anayesukuma
mlango wa chumba cha mgonjwa.
Nikashika kikaratasi juu ya mdomo wa chupa,
kinywe mvuke, si maji.
Sekunde kumi na tano.
Zafarani ikanipanda puani, marashi nyuma yake,
nikawa darasa la saba, kitandani, Mabawa,
usiku wa kuamkia mtihani, bibi kashika bakuli:
kunywa, usiache tone, herufi hukaa chini.

Nikachomeka kikaratasi kwenye mashine.
Ikanguruma, ikafikiri, ikaandika kwa kijani:
HAKUNA KILICHOPATIKANA.

Bi Mwanatumu akainama, akakisoma kioo herufi kwa herufi.
"Mashine yako," akasema, "haijui kusoma."

Lilibaki daftari.
Safu ya *aina*, kalamu ikasita.
Foleni inakohoa, rubani anatazama saa.
Nikaandika: dawa.
Safu ya *daktari* nikapiga mstari.

Jumatatu iliyofuata ndege ilitua kwa kuyumba.
Alishuka wa mwisho. Kapu lile lile.
Chupa imefungwa uzi shingoni, inaning'inia nje,
tupu, kavu, imeoshwa ikang'aa.
Nilikuwa na swali moja, na glavu mkononi.

Imenyweka? Au imemwagwa?

Akanisalimu yeye kwanza,
akauliza bodaboda za Duga siku hizi zinasimama wapi.
Nikamwonyesha kwa kidole, pale penye kivuli cha bango.

Anayewasili hapimwi.
Wala chupa tupu.