Tukijaaliwa

Mashine ya kushona ikinyamaza usiku,
vifungo vya sare za skuli vikirudi koponi,
ndipo mimi na Bikombo tunaposafiri.
Yeye yuko kwake Limbani, mimi Bopwe,
bando la mia tano, kidole kimoja,
na ubao wa picha tulioupa jina
mwaka tuliotimiza arubaini:
Tukijaaliwa.

Tunabandika.
Maputo ya Kapadokia na watu ndani ya vikapu.
Theluji ya Kashmir, mtu kaikalia kama jamvi.
Msikiti wa Istanbul, paka kalala kwenye viatu vya wenye kuswali.
Bikombo hubandika vitanda tu.
Namwambia, shoga, tunasafiri au tunalala?
Anasema, mie nimezaa sita, niache.

Kibati chetu kimefika laki tatu na themanini.
Nauli ya kweli hatujaiuliza.
Ubao nao hauulizi.

Jumanne ile nilikuwa natafuta soko la viungo,
la mji wowote, mradi uwe mbali.
Simu ikanishushia picha chini ya picha,
zaidi kama hii, zaidi kama hii,
zafarani, magunia, mizani ya shaba,
halafu barabara nyembamba, jamvi ukingoni,
karafuu nusu nyekundu, nusu zimeshakuwa nyeusi,
na mwanamke ameinama,
kampa mgongo mpiga picha.

Mgongo ule naujua.
Niliupaka mafuta ya habasoda kila Alhamisi
miaka mitatu ya mwisho.

Kanga yake ya manjano, jina limekatwa na kunjo:
NILIDHANI NI
na mwisho wake tunaujua mimi na kabati.
Kando, ndoo ya bluu iliyokatika mpini.
Iko uani kwangu sasa hivi, ina maji.

Jina lake halipo. Kizimbani haipo, wala mwaka.
Aliyepiga kaandika: Kisiwa cha viungo, lazima ufike.
Watu elfu nne mia mbili na kumi na moja wamemhifadhi.
Mmoja kamtia kwenye ubao wa Fungate.
Mwengine, Kabla Sijafa.
Mwengine, Rangi za Sebuleni,
kwa ajili ya ile manjano, nadhani.

Mama alivuka kwenda Unguja mara mbili,
zote mbili hospitali.

Nikawaza, watakuja hawa.
Watashuka Mkoani na mabegi ya magurudumu,
watamnyooshea dereva simu: tupeleke hapa.
Na dereva, Mungu ampe umri,
atawapeleka kwenye jamvi lolote,
kwa mwanamke yeyote aliyeinama,
nao watatosheka.

Nikampigia Bikombo. Alikaa kimya
mpaka nikasikia feni yake.
Kisha akasema, mbandike.
Nimbandike wapi, katikati ya maputo na theluji?
Mbandike, we. Kwani ubao unaitwaje?

Nikambandika.

Na simu kwa furaha yake haikungoja:
zaidi kama hii.
Mwanamke wa Bukini na vanila yake.
Mwanamke wa Kerala, pilipili manga hadi magotini.
Migongo, majamvi, vitambaa vya manjano,
mama za watu, usiku mzima,
hata bando likaanza kunionya.
Nami nawapitia mmoja mmoja, kwa adabu,
kama mzazi aliyechelewa kwenye lango la skuli:
siye huyu.
Siye.
Samahani, bibi,
siye.