Vijiko Viwili

Mbale, ukumbi wa hoteli, saa nne kasorobo.
Beji yangu imeandikwa "Bw. Nandudu";
sketi ya shule nimeificha kwa koti la shangazi.

Bwana mmoja, tai nyekundu, ananikabidhi kikombe kitupu:
"Binti, chai. Sukari vijiko viwili."
Namletea. Nakoroga mwenyewe.

Ndipo naitwa jukwaani.
Kipaza sauti kimenizidi kimo;
nakishusha, kinalia kama mbuzi.
Nawaeleza nilivyouza kahawa ya Bududa mtandaoni
kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Msiandike "mpendwa mteja," nasema.
Mwiteni kwa jina lake.

Wanaandika wote. Tai nyekundu naye anaandika,
chai inapoa.

Saa kumi na moja niwe nimerudi bwenini.
Barua ya ruhusa haikutaja makofi.